Tundu Lililozibwa kwa Gazeti

Julai ya Rongai haina adabu. Jua linajificha siku tatu mfululizo, wingu linatua juu ya milima ya Ngong na kugoma kuondoka, na ikifika saa mbili usiku upepo umeshashuka Kiserian, umepita Rimpa, umeingia sebuleni kwako kupitia chini ya mlango bila kubisha hodi. Hapa tuko mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wenzetu wa Kitengela wako chini kidogo, ila uwanda wa Kapiti hauna mlima wala msitu wa kuwakinga. Usiku nyuzi za joto hushuka hadi 10, na kuna siku zinapita hapo kwenda chini. Wale wa mjini waliotubandika jina la daispora, wanaotuuliza kama tumebeba pasipoti tukipanda matatu ya 125, waje walale huku wiki moja ya Julai. Wataionja ng'ambo yenyewe.

Basi msimu huu kila mtu anataka moto sebuleni. Zamani mwenye moto wa sebuleni alikuwa mzungu wa Karen au wa Limuru na kuni zake. Nyumba ile ya mwandishi Karen Blixen iliyojengwa 1912 chini ya milima hii hii ina mahali pa kuotea moto hadi leo. Siku hizi hata nyumba ya ghorofa moja huko Milimani ya Kitengela inachorwa na chimni kwenye ramani. Na asiyetaka kuhangaika na kuni na majivu anauliza gesi. Anakuja na picha kwenye simu: televisheni kubwa ukutani, chini yake mwali mrefu unacheza nyuma ya kioo, ukuta wote umepambwa kwa mbao za mistari. Anauliza, hii ni pesa ngapi na fundi yuko wapi?

Mimi huuliza jambo lingine kwanza. Yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha la sebule yako, yako wazi?

Mara nyingi kicheko ndicho jibu. Nyumba zetu nyingi za mawe zilijengwa na matundu ya kudumu, ama juu ya fremu ya dirisha la chuma ama kwa tofali lenye mashimo karibu na dari. Mjenzi hakuyaweka kwa urembo. Lakini Rongai ina vumbi Januari, mbu Aprili na baridi Julai, kwa hiyo sisi tumeyaziba. Mmoja ameziba kwa gazeti, mwingine kwa karatasi ya nailoni na gundi, mwingine amepiga plasta kabisa na kupaka rangi. Kisha ndani ya chumba hicho kilichozibwa tunataka kuwasha moto.

Moto wowote unakula hewa. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua vizuri hutumia zaidi ya kilo tatu na nusu za oksijeni, na hewa hiyo ndiyo hiyo hiyo mnayovuta wewe na watoto. Oksijeni ikipungua, gesi haiungui sawasawa tena, na hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Damu yako huipenda kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo ikiingia mwilini inakalia nafasi ya oksijeni na haitoki kwa urahisi. Kila msimu wa baridi nchi hii inazika watu waliolala na jiko la makaa chumbani, na majirani wanaovunja mlango asubuhi huwakuta wamelala tu. Makaa ni mabaya zaidi, nakubali. Yanatoa kaboni monoksaidi kwa wingi hata yakiwa yamekolea vizuri na hayana moshi. Lakini nisingependa msikilizaji adhani kwamba gesi, kwa sababu ni safi jikoni, imesamehewa sheria hiyo. Jikoni unaiwasha dakika 40, mlango wazi, unapika sukuma unaizima. Sebuleni unaiwasha saa nne mfululizo, milango imefungwa, mapazia yamevutwa.

Na dalili zake hudanganya. Kichwa kinauma, tumbo linataka kutapika, viungo vinalegea, usingizi mzito unakuja. Mtu wa Rongai akisikia hivyo atasema ni malaria au ni homa ya baridi, atameza dawa ya kichwa na kurudi palepale kwenye moto. Angalia mambo mawili: je, kila mtu nyumbani anaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Je, ukitoka nje dakika chache unapata nafuu? Ikiwa ndiyo, zima moto, fungua kila kitu, toeni watoto nje na mwende hospitalini, na huko mseme wazi kwamba mlikuwa mnaota moto ndani. Daktari asipoambiwa, naye anaweza kuanza kwa kupima malaria.

Sasa tuingie dukani. Utakuta hasa aina mbili za moto wa gesi, na tofauti yao kubwa ni mahali moshi unapokwenda.

Ya kwanza ni lile sanduku la magurudumu. Mtungi unakaa mgongoni mwake, mbele kuna sahani tatu za kauri zinazogeuka nyekundu. Haina bomba la moshi. Kila kinachotoka kwenye moto kinabaki chumbani nanyi. Ni rahisi, haihitaji fundi, na muuzaji atakuwashia dukani uone. Ukiwasha sahani zote, mashine ya kilowati nne na kidogo hula kama gramu 300 kwa saa. Fanya hesabu: saa nne za jioni ni kilo moja na robo, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 hautamaliza wiki mbili. Ukiwasha sahani moja tu, kama gramu 100 kwa saa, mtungi huo utakufikisha mwezi. Na kwa sebule ya kawaida ya mita nne kwa tano, sahani moja au mbili zinatosha kabisa kwa baridi yetu. Hii si theluji. Watu wananunua mashine kubwa kwa sababu ya hofu ya usiku mmoja wa Julai.

Halafu kuna maji. Hili huwashangaza wengi. Kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Ukiwasha sahani zote, umemwaga nusu lita ya maji hewani kila saa. Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi: kioo cha dirisha, ukuta wa nje, nyuma ya kabati. Asubuhi dirisha linalia machozi, na mwezi ukiisha ukuta wa upande wa kusini umeota ukungu mweusi. Mwenye nyumba anasema ni wewe unayeanika nguo ndani. Mtoto mwenye pumu anaanza kukohoa. Yote hayo yametoka kwenye mtungi.

Ukiamua kununua ya aina hii, iwe na kifaa kinachopima upungufu wa oksijeni na kujizima chenyewe, na kingine kinachofunga gesi mwali ukizimika. Muulize muuzaji akuonyeshe vyote viwili, asikwambie tu kwamba vipo. Kisha zibua tundu. Huko Uingereza, kwa moto wa gesi usio na bomba, wanadai tundu la kudumu la kama sentimita mraba 100, yaani 10 kwa 10, na juu ya hilo dirisha linalofunguka. Wao wana baridi kutuzidi na bado wanaacha tundu wazi. Huku kwetu ningetaka matundu mawili: la juu kwa ajili ya hewa chafu yenye joto, na la chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa chini ya kochi na kusubiri cheche. Chumbani kwa kulala mashine hiyo isiingie kabisa, hata kwa dakika za kupasha kitanda.

Aina ya pili ndiyo ya kwenye picha: moto uliofungwa ukutani, una chimni au bomba la kutoa moshi nje. Hii naipenda zaidi, na nitasema hivyo bila kuzungukazunguka. Moshi unatoka, mvuke unatoka, sebule inabaki na joto tu. Ila hata hapa chagua yenye kioo mbele. Ile ya wazi, yenye magogo bandia na mwali wa kupendeza, hupitisha zaidi ya nusu ya joto juu ya paa. Utakuwa unawapasha kunguru wa Rongai.

Tatizo letu ni chimni yenyewe. Nyumba nyingi za Kitengela zimekaa juu ya ule udongo mweusi ambao mafundi huuita blakikotoni. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka na kujikunja. Nyumba ya msingi mzuri itavumilia, lakini chimni ni mnara mzito ulioegemezwa ukutani, na mara nyingi msingi wake ulichimbwa kwa haraka baada ya nyumba kusimama. Misimu michache ya mvua ikipita, unaona ufa mwembamba kati ya chimni na ukuta. Fundi wa rangi anaujaza simenti na kupaka. Ndani ya chimni hakuna aliyeangalia. Ufa ukiwa ndani, moshi unaotakiwa kupanda juu unapenya chumba cha kulala cha ghorofani, ambako anayelala hana habari kwamba kuna moto chini.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chimni ipimwe. Panda juu na tochi uangalie, au umtume mtu asiyeogopa urefu. Huku kwetu kitu cha kwanza utakachokuta ni nyuki, kisha kiota. Baada ya kuisafisha, funga milango na madirisha, choma magazeti mawili matatu penye moto na uangalie moshi unakwenda wapi. Ukirudi sebuleni, hapo hakuna cha kujadili. Ukipanda, mtume mtu azunguke vyumba vyote vya juu akinusa. Na hata chimni ikifaulu mtihani huo, ningepitisha ndani yake bomba la chuma cha pua kutoka kwenye moto hadi juu, kwa sababu chimni nyingi za huku ni mawe matupu na simenti, hazina bomba la ndani, na ule mvuke wenye asidi unaitafuna simenti kidogo kidogo.

Urefu nao una maana. Upepo wa Ngong si wa mchezo; serikali ilisimamisha mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo pale juu mwaka 1993, na haikuchagua mahali pale kwa mandhari. Upepo ukigonga paa huzunguka na kuanguka upande wa pili, na chimni fupi iliyoko upande huo inasukumiwa moshi kurudi chini. Kanuni ya wajenzi ni kwamba kichwa cha chimni kipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, na kiwe angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea paani. Juu yake weka kofia ya chuma. Mchoraji ramani atakwambia inaharibu sura ya nyumba. Mwache aseme.

Sasa nije kwa wale wenye ndugu huko nje. Kaka yako aliyeko Leicester amebadilisha nyumba, ametoa moto wa gesi mzuri sana, mzima kabisa, ameupakia kwenye kontena pamoja na friji na baiskeli. Unafika Mombasa, unafika Kitengela, fundi anaufunga kwa mtungi. Unawaka, lakini mwali ni mrefu, wa manjano, na kioo kinajaa masizi jioni ya kwanza. Fundi anasema gesi ni chafu. Gesi haina kosa. Nyumba za Uingereza nyingi hutumia gesi asilia inayopita kwenye mabomba ya mtaani, ambayo ni methani. Sisi hatuna bomba la mtaani. Yetu ni mchanganyiko wa propani na butani unaoshushwa melini Mombasa na kujazwa mitungini. Kwa ujazo ule ule, hii yetu ina nguvu zaidi ya mara mbili ya methani. Kile kitobo kidogo kinachopulizia gesi kwenye bana kilitobolewa kwa ajili ya methani, kwa hiyo ukipitisha yetu inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, na zao lake ni masizi na ile kaboni monoksaidi. Kuna mashine zinazobadilishwa vitobo kwa vipuri vya mtengenezaji mwenyewe. Nyingine hazibadilishwi. Soma kibati kilicho mgongoni: kama hakitaji gesi ya mtungi, mshukuru kaka na uutumie kama pambo. Na fundi akichukua sindano na solda kutaka kukipunguza kitobo kwa kukisia, mlipe nauli aende.

Mtungi ukae wapi? Nje. Kwenye kizimba cha chuma chenye nafasi ya hewa, mbali na mdomo wa mtaro na dirisha la chini, na bomba la shaba lipite ukutani ndani ya bomba jingine. Mpira wa gesi uwe mfupi, uwe wa gesi kweli, ufungwe kwa klipu, na usipitishwe nyuma ya kochi ambako panya wataujaribu meno. Kila kiungo kipakwe maji ya sabuni. Povu likicheza, kuna mvujo. Kiberiti si kifaa cha kupimia, ingawa bado nawaona mafundi wakikitumia na kujivunia. Mtungi wa kilo 6, ule wa meko, haufai kazi hii. Ukiuvuta kwa nguvu saa nyingi unakuwa baridi sana, unatoka jasho, presha inashuka, mwali unafifia, kisha mtu mwerevu anauweka kwenye beseni la maji moto. Tafadhali.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na uupime mtungi uzito. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake; toa, ujue umebebeshwa gesi kiasi gani. Kanuni za 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake, lakini vichochoroni kazi hiyo inaendelea. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, lori la gesi lililipuka katika kituo ambacho EPRA ilisema ilikataa maombi yake ya kibali. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba za watu waliokuwa wamelala zikaungua. Unapofurahia punguzo la shilingi mia mbili, fikiria gesi hiyo ilijaziwa wapi.

Kuhusu gharama sitakupa bei, maana zinabadilika kila Bunge linapokaa: ushuru wa VAT kwa gesi uliondolewa 2016, ukarudi kwa asilimia 16 mwaka 2021, ukashushwa hadi 8 mwaka 2022, ukaondolewa tena 2023. Jifanyie hesabu mwenyewe. Mtungi wa kilo 13 una nishati ya kama uniti 165 za umeme. Gawa bei ya duka lako kwa 165. Kisha fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu, gawa pesa ulizotuma kwa uniti ulizopewa. Kwa wengi gesi itashinda, hasa kwa sababu hita ya kilowati mbili kwa saa nne kila jioni ni uniti 240 kwa mwezi, na ukipita 100 unaingia daraja la bei ya juu. Lakini kumbuka umeme hauna moshi wala mvuke, wala hauhitaji tundu.

Ndiyo maana kwa mpangaji wa bedsita au wa chumba kimoja ghorofa ya tatu hapo Kware, jibu langu kuhusu moto wa gesi ni hapana. Hana mahali pa kuweka mtungi nje, hana ruhusa ya kutoboa ukuta, na anapolala ndipo anapoketi. Huyo anunue pazia zito, aweke mpira chini ya mlango, ajaze maji moto kwenye chupa, na akiweza apate hita ndogo ya kilowati moja. Matundu ya juu ayaache. Na mwenye nyumba yake ya mabati isiyo na dari asinunue moto wowote kabla ya dari, kwani joto lote linapanda kwenda kwenye bati, na bati halilishikilii hata dakika kumi. Ameshatumia pesa za dari na bado ana baridi? Hapo tuongee gesi.

Kwa walio na chimni nzima na nia ya kufunga ile yenye kioo, mambo machache ya mwisho. Zile mbao za plastiki za mistari na televisheni zisikae juu ya moto mpaka usome kipimo cha mtengenezaji; kochi na pazia vikae mita moja mbele. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo sebuleni na kingine chumba cha juu, na ukibonyeze kila mwezi kusikia kama kinaita. Septemba jua likirudi, funga valvu ya mtungi. Moto ukikaa miezi bila kuwashwa, buibui huingia kwenye bana na kutandaza utando katika kitobo chenyewe. Kwa hiyo Mei, kabla ya baridi, mwite fundi aifungue na kuipuliza. Akiiwasha, muwe nyote wawili mnaangalia mwali ule wa chini unaopasha. Ukiwa wa buluu na umetulia, endeleeni. Ukiwa wa manjano na unaramba kioo, auzime palepale, hata kama wageni wameshaketi.